Shakespeare Apewe Vina?

Hoja iliyo mezani: tungo zilizochapwa London mwanzoni mwa karne ya 17 zikiletwa kwa Kiswahili, zifuate arudhi za mashairi yetu, au zibaki na umbo zilizokuja nalo? Wanaobishana ni wanne, wote wa mkoa wa Mtwara: Malenga wa Mikindani, Mwalimu wa fasihi wa sekondari, Manju wa ngoma kutoka Newala, na Mhariri wa vitabu.

MALENGA: Tungo isiyo na vina ni guni, na guni haliitwi shairi. Hilo halikuanzia Mikindani. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziweka sheria hizo kitabuni mwaka 1954, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri: mizani ihesabiwe, vina vitimie. Shakespeare ni mgeni wa heshima, hakuna anayebisha. Lakini mgeni akiingia barazani hufuata adabu ya baraza.

MWALIMU: Mzee wangu, mgeni huyo alishakaribishwa zamani, na aliyemkaribisha hakuwa mtu wa kubabaisha. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963, akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Hakuzifunga kwa vina. Wala usiseme vina vilimshinda, maana alitunga mashairi ya kimapokeo, na miaka ya mwisho ya uhai wake alitoa Tenzi za Biblia. Aliviacha kwa kujua, kwa sababu tamthilia zile kwa Kiingereza, kwa sehemu kubwa, nazo hazina vina. Ni mistari ya silabi kumi kumi, silabi nyepesi ikifuatwa na nzito, na mwisho wa mstari umeachwa wazi.

MHARIRI: Na Nyerere hakubaki peke yake. S. S. Mushi alifuata na Makbeth mwaka 1968, kisha Tufani mwaka 1969. Tukumbuke pia zilikotoka. Makbeth, Tufani na Juliasi Kaizari hazikuwahi kuchapwa mwandishi akiwa hai. Alifariki mwaka 1616. Waigizaji wenzake wawili, Heminges na Condell, ndio waliokusanya tamthilia 36 na kuzitoa katika juzuu moja kubwa mwaka 1623. Nusu ya hizo hazikuwa zimechapwa kabla, na bila juzuu hilo huenda zingepotea.

MALENGA: Mnanipa tamthilia, nami sikuuliza tamthilia. Kwenye mchezo watu wanasemezana, wanagombana, wanauana. Asiyetaka vina humo simlaumu. Lakini mwaka 1609 mchapishaji Thomas Thorpe alitoa kitabu kingine cha mtu huyohuyo, chenye soneti 154. Soneti ina vina kuanzia mstari wa kwanza hadi wa 14. Wa kwanza unajibiwa na wa tatu, wa pili unajibiwa na wa nne, hivyo hivyo mara tatu, kisha mistari miwili ya mwisho inafungwa kwa kina kimoja. Nyerere aliacha vina mahali ambapo Shakespeare mwenyewe hakuviweka. Anayeviondoa kwenye soneti anaondoa kitu kilichokuwapo. Kama shauri ni uaminifu, mwalimu, basi uaminifu uko upande wangu.

MWALIMU: Upande wako kwa hatua moja tu. Soneti ina vina, sawa. Lakini je, ni hivi vyako? Tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, ina kina cha kati na kina cha mwisho, na vinarudi kila mshororo, ubeti mzima. Msikilizaji wa tarbia anajua kinachokuja, na raha yake ndiyo hiyo. Soneti humfanya asubiri: sauti inaachwa hewani, mstari mzima unapita, ndipo jibu linakuja. Halafu kuna ile mistari miwili ya mwisho. Mara nyingi hapo ndipo mshairi hugeuka, akakata hoja aliyokuwa akiijenga au akaikana kabisa. Mimina hayo kwenye tarbia yenye kiitikio, mstari uleule ukirudi mwisho wa kila ubeti, na kule kugeuka kunakufa. Utakuwa umeleta vina vingi zaidi na soneti kidogo zaidi.

MHARIRI: Kabla ya vina, mizani. Soneti ya Kiingereza ina silabi 140. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, kwa hiyo mstari wa silabi kumi unabeba maneno manane au tisa bila kuhema. Kwetu kitenzi kimoja kinaweza kula silabi tano. Mtafsiri akishikilia kumi, anapata mstari kama huu: "Maji ya Ruvuma yafurika." Hesabuni, ni kumi kamili. Maneno manne, habari moja, mstari umekwisha.

MALENGA: Na mimi nikipewa mizani yangu 16 nasema: "Ruvuma mto wajaa, Kitaya kumefurika." Nane na nane. Mto umejaa, na kijiji kilichoingiliwa na maji kimetajwa. Kina cha kati nimekitia, cha mwisho nimekitia, na pumzi inakatika katikati mahali pake. Sasa piga hesabu: mistari 14 kwa mizani 16 ni mizani 224. Huko ndiko Mwingereza anapata nafasi ya kusema yake yote bila kubanwa. Wanaodhani arudhi ni pingu hawajawahi kuivaa.

MWALIMU: Mizani 16 naipokea. Hesabu ya ndugu Mhariri haina jibu lingine. Ila kina hakikuja na mizani kwa lazima. Kiswahili silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Vitenzi vyetu vya asili vinaishia na a. Mtoto wa kidato cha pili anaweza kuorodhesha maneno hamsini ya -ika kabla kengele haijalia. Kwa Mwingereza kina ni kitu adimu. Umbo la soneti lilitoka Italia, ambako vina ni vingi, na fundi wa Kiitaliano aliweza kurudia sauti moja mara nne katika mistari minane ya kwanza. Waingereza walipolichukua walilegeza, kila sauti ikajibiwa mara moja tu, kwa sababu lugha yao haikuwa na akiba hiyo. Kina kwao ni gharama. Kwetu kinapatikana bure, na kitu cha bure hakiwezi kufanya kazi ya kitu cha gharama.

MALENGA: Bure kwa mtungaji mbovu! Anayepanga -ika, -ika, -ika mpaka mwisho hajatunga, ameorodhesha. Ufundi ni vina viwili vitembee pamoja ubeti mzima, neno lisirudiwe, maana isipindishwe, na msikilizaji asijue kwamba umehangaika. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakuwa na kamusi ya vina, na mpaka leo watu wanamrudia. Urahisi wa kuanza si urahisi wa kumaliza.

MANJU: Nimewasikia mkihesabu silabi kama makarani wanaopima korosho ghalani. Sasa mnipishe. Huku juu Newala, wakati wa jando na unyago, mimi natoa, watu wanaitikia. Nikirefusha, wanangoja. Nikifupisha, ngoma inajaza. Wimbo wetu wa Kimakonde hauna zile nusu mbili za mshororo, ukwapi na utao, na hakuna aliyewahi kutoka uwanjani akasema leo hatukusikia kitu. Kinachoushikilia ni kurudia, ni mwitikio, ni mguu unapokanyaga. Mnabishana Shakespeare avae kanuni ya London au ya Mikindani. Mbona hakuna aliyeuliza kanuni ya Newala?

MALENGA: Mama Manju, nyimbo ni nyimbo na shairi ni shairi. Sidharau ngoma. Ila tusichanganye.

MANJU: Na mpaka huo kauweka nani? Hao Wazungu wa wakati wa Shakespeare wenyewe walipofika kwetu hawakuuona.

MHARIRI: Ana hoja, na ushahidi wake una tarehe. Mwaka uleule wa soneti, 1609, kilichapwa Évora nchini Ureno kitabu cha padri Mdominikani João dos Santos, Ethiopia Oriental. Padri huyo alikaa miaka kadhaa Sofala, kisha visiwa vya Querimba, kusini kidogo ya mlango wa Ruvuma. Ameeleza jinsi mfalme wa Kiteve, bara ya Sofala, alivyokuwa na waimbaji wake wa kumsifu, na ameeleza ala za muziki walizopiga, marimba na ile mbira ya vidole. Kwa hiyo msomaji wa Ulaya aliyeingia duka la vitabu mwaka 1609 angeweza kukuta soneti za London kwenye kitabu kimoja, na sifo za Kiafrika zikielezwa katika kingine. Miaka saba baadaye, mwaka 1616, Mreno Gaspar Bocarro alitembea kwa miguu kutoka Tete hadi Kilwa, akauvuka Ruvuma njiani.

MWALIMU: Na upande wa Waswahili wakati huo tuna nini mkononi? Hamziya, katika tungo za Kiswahili za zamani kabisa zenye tarehe, huwekwa kwenye mwaka 1652. Utendi wa Tambuka ni wa mwaka 1728, huko Pate. Barua za Kiswahili za Kilwa zilizohifadhiwa Goa ni za kuanzia mwaka 1711. Sisemi watu hawakutunga kabla ya hapo. Nasema hatuwezi kumwambia Shakespeare kwamba mwaka 1609 tarbia ilikuwa imekaa kitako ikimngoja. Sheria hizi zina umri, na zilikua.

MALENGA: Karatasi ya pwani huliwa na mchwa, ikabaki kumbukumbu ya watu. Kukosa hati si kukosa tungo. Na tuseme sheria zilikua. Basi zilikua kwa sababu watu waliziona zinafaa, hata kwa mambo mazito. Vita vya Maji Maji vilipoivunja nchi ya kusini, nani aliviweka kwenye utenzi? Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, jirani yetu hapa. Mizani nane kwa kila kipande, vina vyake vimetimia. Tungo hiyo ikachapwa na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1957. Mama Manju, hayo ni mauaji ya watu wa bara, yamehifadhiwa kwa vina vya pwani. Mngoni na Mmwera wamo humo.

MANJU: Wamo, lakini wanazungumziwa. Wimbo waliouimba wenyewe uko wapi?

MWALIMU: Na pwani yenyewe haina kauli moja, mzee. Ebrahim Hussein ni mzaliwa wa Kilwa, amelelewa katika hewa hiihii ya kaswida na maulidi, lakini Ngoma na Vailini aliitunga bila vina. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe akatoa Kichomi mwaka 1974, kelele zikazuka magazetini. Mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi wakatoa Malenga wa Bara, na jina la kitabu peke yake lilitosha kuwasha moto. Leo mwanafunzi wa sekondari anasoma mashairi ya namna zote mbili na anaulizwa kuhusu zote mbili kwenye mtihani. Mbona Shakespeare peke yake ndiye awekewe lango jembamba?

MALENGA: Huo mchezo wa pwani na bara ndio unaonichosha. Amri Abedi alizaliwa Ujiji. Saadani Kandoro naye wa Ujiji. Mathias Mnyampala, aliyeikuza ngonjera, ni Mgogo wa Dodoma. Shaaban Robert ukoo wake ni wa Wayao, watu wa huku kwetu kusini. Wote hao walivishika vina kwa mikono miwili. Nani aliwalazimisha? Gazeti la Mambo Leo lilianza mwaka 1923, miaka 300 kamili baada ya lile juzuu la tamthilia, na watu wa kila pembe ya Tanganyika waliliandikia mashairi yenye vina. Vina vilikuwa vya yeyote aliyejifunza.

MWALIMU: Vizuri. Basi tukubaliane kwamba ni kanuni ya kujifunza, haikuteremka kutoka mbinguni. Na kanuni ya kujifunza inaweza kujadiliwa, kama Waingereza wenyewe walivyoijadili miaka hiyohiyo. Mwaka 1602 Thomas Campion, mtunzi wa mashairi na mwanamuziki, alichapa kitabu cha kushambulia vina. Alisema Kiingereza kirudi kwenye vipimo vya Wagiriki na Warumi, ambao hawakuvihitaji. Mwaka uliofuata Samuel Daniel akamjibu kwa kitabu cha kuvitetea: kila taifa lina mazoea yake, na mazoea ya watu wengi kwa miaka mingi ni hoja tosha. Mzee wangu, ukikisoma kitabu cha Daniel utadhani kimeandikwa Mikindani.

MALENGA: Na nani alishinda?

MWALIMU: Daniel.

MALENGA: Basi endelea.

MWALIMU: Alishinda kwa mashairi mafupi, hakushinda kwa tamthilia. Na hata Campion mwenyewe, baada ya kuvilaani vina, aliendelea kutunga nyimbo zenye vina. Maana yake ni kwamba hata katika nchi moja, kizazi kimoja, kila bahari ilikuwa na sheria yake. Ujerumani ilingoja mpaka mwaka 1624, Martin Opitz alipotoa kitabu cha kuwafundisha Wajerumani jinsi ya kupanga mkazo wa silabi. Huyo ndiye Amri Abedi wao. Mapema kidogo au kuchelewa kidogo, kila lugha hupata mtu wa kuandika sheria, kisha hupata watu wa kuzivunja.

MALENGA: Na wanaozivunja huko walipokewaje? Mshairi Ben Jonson alipokuwa mgeni wa mshairi Drummond huko Uskoti, majira ya baridi ya 1618 hadi 1619, alisema mshairi mwenzao John Donne anastahili kunyongwa kwa kutochunga mkazo. Kunyongwa! Na Jonson alikuwa rafiki na msifu wa Donne. Sisi huku tunamwita mtu mtunga guni, basi, na anakwenda nyumbani salama.

MWALIMU: Hakunyongwa, na mashairi yake yalichapwa mwaka 1633, miaka miwili baada ya kifo chake. Leo yanasomwa dunia nzima, pamoja na ule mkazo uliomkera Jonson. Ukali wa mlinda sheria hauthibitishi sheria.

MHARIRI: Niongeze kisa kimoja ambacho watafsiri wangekijua wangetulia. Soneti za 1609 hazikurudiwa kuchapwa mpaka mwaka 1640, na John Benson, aliyezirudia, hakuziacha zilivyo. Aliziunganisha mbili mbili, hata zaidi, zikawa mashairi marefu. Akazipa vichwa vya habari. Mahali pengine aliyekuwa akisemeshwa ni mwanamume, akamgeuza mwanamke. Alitaka msomaji wa 1640 akute kitu alichokizoea. Kwa zaidi ya miaka mia wasomaji wengi waliijua sura hiyo. Nauliza kwa heshima, mzee: tarbia ya beti nne yenye kiitikio kipya ina tofauti gani na kazi ya Benson?

MALENGA: Tofauti ni kwamba Benson alificha na mimi natangaza. Shaaban Robert alitoa Omar Khayyam kwa Kiswahili mwaka 1952, akitumia Kiingereza cha FitzGerald, naye FitzGerald alikuwa amekwisha kumpanga upya Mwajemi huyo kwa kadiri alivyopenda. Shaaban Robert akaweka vina. Hakuna msomaji aliyedanganywa, kila mtu alijua anasoma Khayyam aliyepita mikononi mwa Shaaban. Na tafsiri hiyo imeishi. Nioneshe soneti moja tu ya Kiswahili isiyo na vina ambayo watu wanaijua kwa moyo.

MWALIMU: Ya soneti sina. Lakini wapo watu wazima mpaka leo wanaokumbuka hotuba ya Antonio juu ya maiti ya Kaizari kwa Kiswahili cha Nyerere. Hakuna kina cha kuwashikia maneno. Wameshikwa na hoja, jinsi Antonio anavyowageuza raia huku akijidai hawageuzi.

MALENGA: Wameshikwa na kurudia! Anarudi kwenye sifa ileile ya Bruto tena na tena, mpaka inakuwa tusi. Hicho ni kibwagizo, mwalimu. Umenirudishia mali yangu.

MANJU: Mali yako tangu lini? Kurudia ni kwangu. Nimeanza nako tangu mwanzo wa mazungumzo haya, ukaniambia nyimbo ni nyimbo.

MHARIRI: Basi tuweke pendekezo, kwa sababu kitabu hakichapwi kwa mabishano. Soneti ya Kiswahili iwe mishororo 14 ya mizani 16. Vina vya mwisho vipangwe kama vya London, vya kupishana, na miwili ya mwisho ifungwe pamoja. Vina vya kati viwe hiari ya mtafsiri.

MWALIMU: Nakubali. Kule kugeuka kunabaki, kusubiri kunabaki, na pumzi ya Kiswahili inapata nafasi.

MALENGA: Ukwapi usiolindwa! Umenipa nusu ya mshororo yenye sauti na nusu iliyo kiziwi. Kiswahili kikishafika mizani ya nane sikio linangoja kina, utake usitake. Usipokipa, litahisi umekosea hesabu. Msomaji wa Évora au London hana sikio hilo. Wa Mikindani analo, na kitabu kinachapwa kwa ajili yake.

MWALIMU: Sikio hilo limefundishwa, mzee, na linaweza kufundishwa tena.

MALENGA: Lifundishe, basi. Njoo na mishororo yako 14 siku ya maulidi, uisome mbele ya watu bila karatasi. Wakiinua vichwa kwenye ile miwili ya mwisho, nitaiita soneti na nitaihifadhi. Wakitazama saa, utaniachia niiwekee vina vya kati.

MANJU: Na wakitaka kuitikia?

MALENGA: Siku ya maulidi tunaitikia kaswida, mama. Soneti haina mwitikio.

MANJU: Hii ya London haina. Hiyo yenu bado hamjaitunga.